Shanga za Moyo Mweupe

Shanga ya kioo utaijua kwa jino. Ukiigusisha kwenye jino la mbele ikawa baridi na ikatoa mlio mdogo mkali, hiyo kioo. Ikiwa vuguvugu na bubu, hiyo plastiki, na aliyekuuzia kwa jina la kioo mrejeshee kabla hajapata mteja mwengine wa kumdanganya. Ndivyo alivyonifunza mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea, na ndivyo nifanyavyo mpaka leo mbele ya wenye maduka ya Darajani. Hawanipendi kwa hilo. Mmoja huniuliza kila nikienda, "Bi, hizo shanga unanunua au unakula?" Mimi humjibu kwamba angalau shanga zake zina ladha kuliko maneno yake.

Mama mkubwa ni mtunga shanga za kiunoni. Mabibi harusi wengi wa mji huu waliingia vyumbani mwao na kazi ya vidole vyake, na mpaka leo, macho yake yakiwa yamekwisha, somo wa bibi harusi, yule anayemfunda, akija kuagiza haondoki mikono mitupu. Mimi sikuirithi kazi hiyo. Sina subira ya kukaa na mambo ya siri za watu. Mimi hutengeneza vitu vya waya na shanga vya kuuza kwa wageni: hereni, bangili, vitana, na tangu miaka ya karibuni, kofia za Kiyahudi.

Najua unavyocheka. Hata majirani walicheka. Mji mzima huu wanawake wanashona kofia za viua za waume zao, mimi nasuka kofia za waya za wanawake wa Kiyahudi. Lakini ndivyo riziki ilivyo. Bibi mmoja mgeni aliwahi kunionesha picha kwenye simu, kisahani cha waya na shanga kinachokaa utosini, akanieleza kwamba kwao wanaume ndio waliozoea kufunika kichwa kwa sala, lakini kuna misikiti yao, wao wana jina lao, ambako wanawake nao hujifunika hivyo. Nikamsukia. Akamwonesha mwenzake. Mama mkubwa aliposikia alisema, "Watu wa Kitabu hao, na kichwa kinafunikwa kwa Mwenyezi Mungu. Suka." Basi nikawa nasuka.

Tunakaa Michenzani, ghorofa ya juu, ambako maji hupanda yanapojisikia. Nyumba yetu ina korido moja ndefu nyembamba, na mwisho wa korido, kabla ya jikoni, kuna kizingiti cha saruji kirefu kisicho na maana yoyote. Kila mgeni hujikwaa pale. Sisi wa nyumbani miguu yetu huinuka yenyewe tukifika, hata gizani, hata tukiwa na sinia la chai mkononi.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo mno, na sina sura yake. Picha haikubaki hata moja. Nilichonacho ni mlio. Alikuwa mtu wa haraka, hatembei ila kama chungu kinaungua, na shanga zake za kiunoni zilikuwa zikimtangulia. Nilikuwa nikizisikia nikiwa nimelala mkekani, chika chika chika, mpaka jikoni, na moyo wangu ukitulia. Alipokufa, mama mkubwa ndiye aliyemwosha. Aliukata ule uzi kwa mkono wake, akazitia shanga ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya kabati chumbani kwake.

Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, jua likiwa bado linaingia kwa dirisha la jikoni na korido nzima imepiga rangi ya chungwa, mlio ule ulikuwa ukianza mlangoni mwa chumba hicho. Chika chika chika, unapita korido. Ukifika kwenye kizingiti unaruka kidogo, kama mtu anayeinua mguu, kisha unaingia jikoni na kunyamaza.

Mimi si mtu wa kuamini kila kilichosemwa, na waganga nikiwaona navuka barabara. Lakini mlio ule sikuusikia peke yangu. Binamu yetu mmoja aliusikia siku ya Idi, akatoka mbio na sahani ya biriani mkononi, akataka tuite watu waje kusoma. Mama mkubwa alimwambia, "Asomewe kwa lipi? Kamkera nani? Mwenye nyumba anakwenda jikoni kwake." Yakaisha. Nami nikakulia katika nyumba ambayo mama yangu alikuwa akienda jikoni kila alasiri, na sikupata kuogopa hata siku moja. Wenzangu wana kaburi la kuzuru na picha ukutani. Mimi nilikuwa na mlio ule, na kila nitakachosimulia hapa ni jinsi nilivyoupoteza.

Bibi mwengine wa Kiyahudi alikuja kipindi cha joto, kutoka Kendwa, kwenye hoteli aliyofikia. Mwenye duka la vinyago la huko ndiye aliyemwelekeza kwangu. Alikuwa mtu mzima, nywele za mvi zimekatwa fupi, amevaa viatu vya mtu asiyejali anaonekanaje. Alipiga hodi akiwa bado ngazini, kwa Kiswahili. Aliwahi kufundisha bara ujanani mwake, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mstari wa daftari, hamezi hata herufi moja.

Mama mkubwa alikuwa chumbani kwake anasali adhuhuri. Nikamkaribisha mgeni ukumbini, naye akafungua kitambaa cha mkononi juu ya sinia langu la kazi.

Shanga zilimwagika, nami nikasimama. Zilikuwa nyekundu kwa nje, nyekundu ya kina kama komamanga, na ukizitazama kwenye tundu, nyeupe kwa ndani. Sisi nyumbani huziita za moyo mweupe. Siku hizi hazipo. Darajani nzima hutazipata, wala kwenye maduka ya vikale vya wageni. Sijaziona popote maishani mwangu isipokuwa ndani ya kopo lililo juu ya kabati.

Kutoka chumbani mama mkubwa akapaza sauti. "Nani kafungua kopo?"

"Hakuna, Mama," nikasema. "Shanga za mgeni."

Nikamsikia ameanza tasbihi.

"Zilikuwa za mama yangu," mgeni akasema, hakujua kwa nini nimesimama. "Alizivaa shingoni tangu mimi ni mtoto. Sijui alizipata wapi. Nilikuwa ninamsikia kabla ya kumwona. Amefariki mwaka huu." Alizikusanya kwa kiganja zisidondoke. "Kwetu, mtu akifiwa na mzazi husimama kwenye sala, kwa miezi mingi, akasema maneno ya kumtukuza Mungu kwa ajili yake. Ninasimama. Lakini ninasimama mikono mitupu. Ninataka kusimama na shanga zake kichwani."

Nilipenda alivyosema. Hakujipamba wala hakulia. Nikamwambia tutafanya, na tukakaa kuchagua.

Kuchagua ndiko kwenye kazi, kusuka ni vidole tu. Nilimweleza kwamba shanga za mama yake hazitoshi kofia nzima, na hata zingetosha ningekataa, nyekundu tupu utosini itamfanya aonekane ametoka vitani. Tukazipanga katikati, mduara baada ya mduara, na kwa ukingoni tukachagua ndogo za rangi ya maji ya bahari ya asubuhi, zile ambazo ukizitia mwangani hujui kama ni buluu au kijani. Alitaka za dhahabu. Nikamwambia za dhahabu huchubuka. Akataka nyeupe. Nikamwambia nyeupe juu ya mvi zitapotea. Akacheka, akasema, "Basi, dada, mimi niko hapa kwa ajili gani?" Nikamwambia, kulipa.

Waya nao una mambo yake. Wengi hutumia shaba nyekundu kwa sababu ni laini, lakini shaba ikikutana na jasho na hewa yetu ya chumvi hutoa ukijani, na bibi mwenye mvi ataondoka kwenye sala ana duara la kijani kichwani. Shaba ya njano ni ngumu, inavunja kucha. Mimi huenda kwa fundi wa kusuka mota za feni na pampu, pale Mchangani, nikanunua waya wake wa koili, uliokwisha kupakwa vanishi, una rangi ya asali na haubadiliki. Mwembamba kwa mbavu, mnene kwa ukingo. Fundi yule hunipa na kuniuliza nasuka mota ya nini, nami humwambia mota ya kichwa. Siku hiyo nilinunua nikarudi baada ya magharibi, shanga za mgeni nimeziacha ndani ya kikombe cha kahawa, zimekijaza mpaka mdomoni, juu ya sinia.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kazi ya mama mkubwa. Shanga mpya haiingii uzini siku iliyonunuliwa. Hulazwa kwanza. Unaichukua ukaiweka pamoja na shanga zilizokwisha kuvaliwa, ukatia kipande cha udi, ukafunika mpaka asubuhi, ili iache ugeni na ijifunze mwili. Asiyefanya hivyo, mama mkubwa atakwambia, uzi wake utakatika siku ya harusi yenyewe. Na shanga alizolazia siku zote ni za mama yangu. Kopo lile ndilo lililokuwa chuo cha shanga zote za nyumba hii. Asubuhi humwaga juu ya sinia, mimi nikamchambulia, buluu huku, kijani huku, nyekundu za moyo mweupe zirudi koponi. Ilikuwa kazi rahisi kwa kuwa hakuna zilizofanana nazo.

Asubuhi ya pili nilikaa na waya wangu, nikanyoosha mkono kwenye kikombe. Kikombe kilikuwa kitupu.

"Mama, shanga za mgeni ziko wapi?"

"Nshazilaza," akasema, anakunywa chai yake. "Tangu jana magharibi. Weye ulikuwa hujarudi."

"Umezilaza wapi?"

"Zinalazwa wapi kwani? Koponi. Si shanga za kutungwa hizo?"

"Mama, zile ni za moyo mweupe! Ni sawasawa na za mama! Ni za mama yake mgeni, kafa, na zinakwenda kichwani!"

Mama mkubwa aliweka kikombe chini taratibu. Sijapata kuuona uso wake namna ile. "Hukunambia rangi," akasema. "Mi' nilisikia sauti tu. Nilizisikia zina sauti moja na za mama yako, nikasema, hizi zitaelewana."

Nilipiga kelele, sitaficha. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii aliyemlea. Alingoja nimalize, kisha akasema lile alilokuwa akilifikiria. "Shanga ya kiunoni haipandi kichwani, mwanangu. Hata kwa bahati mbaya. Tuzitenge."

Tukatandika shuka jeupe sakafuni tukamwaga. Kiasi tulikijua, kikombe kimoja cha kahawa ni za mgeni na zilizobaki zetu, lakini zipi? Nilizitia jino moja moja. Zote baridi, zote mlio mmoja. Nikazitazama kwenye matundu kwa miwani, nikitafuta zilizosuguliwa na uzi. Zote zimesuguliwa. Wanawake wawili wasiojuana, mmoja shingoni na mmoja kiunoni, walikuwa wamezivaa mpaka zikafanana uzee.

Mwisho mama mkubwa akasema nimpe yeye. Akazitia ulimini, moja moja, macho yake meupe yametazama dari. "Hii ina chumvi ya mama yako," akaitema kulia. "Hii sina habari nayo," akaitema kushoto. Alifanya hivyo mpaka adhana ya adhuhuri ikatukuta. Kikombe kikajaa. Nilimwamini. Nilitaka kumwamini, na mtu anapotaka kuamini hahitaji kusukumwa.

Nikaanza kusuka siku ileile. Duara la ukingo kwanza, kisha mbavu za kwenda utosini, kisha shanga, ukizizungusha kutoka nje kwenda ndani. Alasiri ilipofika niliacha koleo nikasikiliza.

Ulianza mlangoni mwa chumba kama kawaida. Chika chika, kisha ukasimama. Kisha chika moja, ukasimama tena. Nikasikia kama mwengine kutoka upande wangu, kutoka mezani, ukisogea na kusita. Ilikuwa kama watu wawili waliokutana kwenye ujia mwembamba wa Mji Mkongwe, kila mmoja anampisha mwenziwe na wote wanahamia upande uleule. Yaliendelea hivyo mpaka mwanga ukaondoka kwenye korido. Jikoni hakuingia mtu.

"Upepo huo," nikasema.

"Naam," mama mkubwa akasema. "Upepo."

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Niliisuka ile kofia haraka kuliko nilivyowahi kusuka kitu, na kila alasiri nilikuwa nikishuka chini kununua hiki na kile, vitu ambavyo hatukuvihitaji. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naiogopa nyumba yetu, na nikawa na hasira kwa kuogopa.

Ilipokwisha niliipeleka Kendwa mwenyewe. Mgeni alikuwa amekaa kibarazani mwa chumba chake, viatu vyake vibaya vimejaa mchanga. Nikaiweka mapajani mwake, na kabla hajaishika nikamwambia yote kuhusu shanga: kopo, kulazwa, kuchanganyika, ulimi wa mama mkubwa. Nilimwambia kwamba pengine amebeba shanga za mama yangu na pengine mimi nimebaki na za mama yake, na kwamba akitaka kukataa akatae. Habari za mlio sikumwambia. Mambo ya nyumbani kwako huyasimulii kibarazani mwa hoteli.

Aliizungusha kofia kwa vidole. "Basi wamekutana," akasema mwisho.

Akainamisha kichwa nimfunge vibanio. Mvi zake zilikuwa laini kama za mtoto. Waya ulikuwa na joto, nikajiambia ni jua. Aliposimama na kugeuka kujitazama kwenye kioo, shanga zikagusana, zikatoa ule mlio, nami nikashika nguzo. Nilitaka kuinyofoa pale pale kichwani mwake. Badala yake nikamwambia inamkaa vizuri, kwa sababu ilimkaa vizuri, na nikarudi mjini.

Mgeni akaondoka nchini. Alasiri ya kesho yake nilikaa na mama mkubwa ukumbini, mlango wa korido tumeuacha wazi. Jua likaingia. Tukangoja.

Ukaanza. Nikafumba macho kwa shukrani. Kisha nikayafumbua, kwa kuwa haukuwa ule. Chik. Halafu mburuzo mrefu, kama kitu kizito kinavutwa kwenye saruji. Chik. Mburuzo. Ulikuwa ukija taratibu, kwa taabu, na kila mara ulisita kama unatafuta ukuta wa kushika. Ukafika kwenye kizingiti, tukasikia pigo, dufu, na shanga zote zikatikisika kwa mara moja. Kisha kimya.

Mama mkubwa aliinua kichwa. "Nani kajikwaa?" akauliza.

Mwanga ukaondoka, na mlio haukuvuka kizingiti.

Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu na zilizofuata. Kila alasiri mburuzo ule, kila alasiri dufu, na kimya. Nilisema ni mabomba ya maji. Mama mkubwa akasema mabomba yetu hayana maji ya kupiga kelele. Nilisema ni jirani anaburuza kitanda. Akasema jirani kahamia Bububu tangu mwezi wa Ramadhani. Nilimwambia basi aniambie yeye ni nini, mtu wa kuonja shanga kwa ulimi, na yeye akainamisha kichwa, akasema, "Ulimi nao unazeeka." Nilimhurumia nikashindwa kumwomba radhi. Usiku nilikuwa nalia kama mtoto, kwa sababu yule wa haraka hakuwapo tena, na sikujua kama mtu anaweza kufiwa na mama mara mbili.

Ujumbe wa mgeni ulikuja kwenye simu asubuhi moja nikichambua shanga. Ulikuwa wa sauti. Nikaufungulia kwa nguvu ili mama mkubwa naye asikie.

"Dada, hujambo. Shikamoo kwa Bi mkubwa. Ninasimama kwenye sala na kofia yangu, na watu wanaisifu. Lakini kuna jambo ninaogopa kulisema kwa watu wa hapa. Nikiwa nyumbani ninaitundika karibu na mlango. Alasiri, jua linapoingia, ninasikia shanga zikitembea nyumbani kwangu. Mara ya kwanza nilifurahi, nikasema, mama. Lakini siyo yeye. Huyu ni mwepesi, ana haraka, anakwenda jikoni mbio kama amesahau kitu motoni. Na akifika mlango wa jikoni anaruka kidogo, ingawa sakafu yangu ni sawa kabisa. Mama yangu hakuwa na haraka. Aliburura mguu wa kushoto tangu utotoni." Akavuta pumzi. "Dada, nilitaka kukuuliza. Je, wewe unamjua huyu?"

Sinia liliniponyoka. Shanga zikasambaa mpaka chini ya viti, na mimi wala mama mkubwa hatukuinama kuziokota.

Kitu cha kwanza nilichokihisi ni wivu. Mama yangu anaruka kizingiti katika nyumba ya mtu mwengine, katika nchi ya baridi ambayo sitaiona, na mimi sipo kumsikia. Nikaishika simu nikaanza kuandika: Nirejeshee kofia.

"Unaandika nini?" mama mkubwa akauliza.

"Airejeshe."

"Na ikirejea, atakuja nani?" Alikuwa akizungumza pole pole, anatafuta kiganja changu. "Zimechanganyika, mwanangu. Pengine atakuja, pengine hatokuja mtu. Pengine wakutane tena pale koridoni wasipishane mpaka kiama. Na huyu wetu je? Kiguru vile, kaja nyumba ya watu, kila siku anajikwaa. Utamtia kwenye ndege peke yake?"

Nilicheka na machozi yananitoka. Yeye akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mama yako kutoka kiunoni kapanda kichwani, na kwenye sala! Kapanda cheo. Mwache."

Nilifuta nilichoandika. Nikabonyeza nikasema kwa sauti, kwa kuwa vidole vilikuwa havifai. Nikamwambia, ndiyo, namjua. Ni mama yangu, anakwenda jikoni, alikuwa hivyo tangu yu hai, asimwogope. Nikamwomba asifunge mlango wa jikoni alasiri. Kisha nikamwambia kwamba mama yake yuko kwetu.

Jibu lake lilichelewa. Lilipokuja, mwanzo ilikuwa pumzi tu, nikadhani simu imeharibika. Kisha akauliza neno moja ambalo sikuwa nimemwambia.

"Je, nyumbani kwako kuna kizingiti? Alikuwa anajikwaa kwenye vizingiti, siku zote."

Nilikaa na neno lile siku nzima. Alasiri nikausikia mburuzo, nikasikia dufu, na kwa mara ya kwanza niliinuka nikaenda mpaka mwisho wa korido. Hapakuwa na kitu, jua tu na vumbi lake. Nikasimama karibu na ukuta, nikaamkia, "Shikamoo, Mama." Hewa pale ilikuwa na joto la mtu aliyesimama. Nikakitazama kizingiti, kirefu, kibaya, na kwa mama yangu kilikuwa kila kitu. Miguu yake ilikijua. Kikiondoka, hata akirejea siku moja nitamtambuaje?

Kesho yake nikamwita fundi na nyundo na saruji.

"Bi, kizingiti kizima hiki," akasema. "Kimekukosea nini?"

"Tuna mgeni," nikamwambia. "Mguu wake mbovu."

Alikivunja, akalainisha pale pakawa mteremko mdogo, tukatandika mfuko mtupu wa saruji mpaka pakauka. Mama mkubwa alikaa akisikiliza kila pigo la nyundo na midomo yake ikisoma. Palipokauka, alasiri, tukaacha mlango wazi. Chik. Mburuzo. Chik. Ukafika mwisho wa korido, ukasita kwa muda mrefu, nami nikawa nimeshika mkono wa mama mkubwa mpaka ukamuuma. Kisha ukapita. Ukaingia jikoni, taratibu, ukanyamaza, na tukasikia birika likitulia kwenye jiko, kama mtu kaliegemea.

Kila alasiri sasa anapita. Nimemzoea, na nadhani naye katuzoea. Kizingiti hakipo, lakini nikitoka jikoni na sinia la chai mguu wangu bado huinuka pale pale, juu ya sakafu iliyo sawa. Na saa ileile, katika nyumba ya mbali, mama yangu naye anainua wake.